Homa kwa Mgonjwa wa Saratani ya Damu
Dawa za saratani ya damu huweza kuzishusha nyutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, hadi chini ya 500 katika kila mikrolita ya damu. Hapo maambukizi hujificha. Usaha hutokana na seli hizohizo. Zikikosekana, hata kidonda kilichooza chaweza kuonekana kikavu. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee.

Joto likifika nyuzi 38.3, au likidumu kwenye 38 kwa saa nzima, mgonjwa aende hospitali usiku uleule, asilifiche kwa parasetamoli. Mlangoni ataje ugonjwa wake, asiachwe kwenye foleni. Malaria ipimwe, naam, na damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe; lakini antibiotiki ya mshipani ianze ndani ya saa moja, bila kungoja majibu.