Usiitupe Mbuzi Kuukuu



Katika nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Kilwa, mbuzi ya kukunia nazi bado ipo. Lakini mara nyingi imesahauliwa nyuma ya jiko. Meno yameshika kutu, miguu imelegea, na siku kuni zikipungua huishia motoni. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuitengeneza au kuipa kazi nyingine.

Mbuzi ni kifaa rahisi: vipande viwili vya mbao vinavyopishana na kukunjwa, na ulimi wa chuma wenye meno kwa mbele. Kwa kuwa ni rahisi, karibu kila sehemu yake inaweza kutengenezwa.

Kwanza tujiulize: itarudi jikoni?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua dawa na mafuta ya kutumia. Kinachofaa kwa kigoda kinaweza kuwa sumu kwenye chombo cha chakula.

Tuikague mbao. Tukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga mpya, bungua bado wamo ndani. Tukiona rangi ya zamani, au harufu ya dawa ya mimea au mafuta ya taa, mbuzi hiyo isirudi kwenye chakula.

Ikirudi jikoni

1. Tuisugue kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kisha tuianike kivulini penye upepo. Jua kali la ghafla hupasua mbao.
2. Kutu tuiondoe kwa ndimu au siki na mchanga laini. Tuoshe, na tukaushe chuma mara moja.
3. Meno butu tuyanoe kwa tupa. Yakiwa yameisha, fundi wa vyuma anaweza kutengeneza ulimi mwingine.
4. Tukaze maungio, na tulainishe mbao kwa msasa.
5. Tupake mafuta ya nazi kidogo, kisha tufute yanayobaki juu.

Tusipake vanishi, rangi wala oili chafu ya gari. Oili hiyo huzuia wadudu, lakini ina sumu.

Ikipata kazi mpya

Ulimi ukiondolewa, mbuzi huwa kigoda kizuri cha kuchambulia mboga, kukamulia maziwa au kukalia barazani. Tusiuache ulimi mahali pake kwa ajili ya urembo tu. Mtoto akiangukia meno yenye kutu anaweza kupata jeraha baya, na jeraha chafu linaweza kuleta pepopunda.

Bungua tunaweza kuwaua kwa kupaka mafuta ya taa kwenye vitundu, nje ya nyumba na mbali na moto, kisha tuiache ikauke kabisa. Tundu la ulimi tulizibe kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Hapo vanishi haina tatizo.

Rangi kuukuu tusiikwangue ikiwa kavu, kwani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Tuiloweshe kwanza, tufanye kazi nje, watoto wakiwa mbali, na mabaki tuyakusanye yote.

Kwa nini tujisumbue?

Mti kama mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kila kigoda kinachotoka kwenye mbao kuukuu ni mbao moja isiyotafutwa tena msituni. Pia kazi hii inahitaji tupa, msasa na subira tu, hivyo kijana asiye na mtaji anaweza kuianza akijifunza kwa fundi wa karibu.

Yesu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, na vikajaa vikapu 12 (Yohana 6). Hata palipo na wingi, hakutaka kitu kipotee. Sisi tulio na kichache tuna sababu zaidi ya kukitunza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni vifaa gani vya mbao vimeachwa bila kazi nyumbani kwetu?
- Vipi kati yake viliwahi kuguswa na dawa au rangi?
- Ni mzee gani kijijini anayeweza kuwafundisha vijana kazi hii?