Kitendawili Kisicho na Jibu: Kuzisoma Nagona na Mzingile Darasani

Miongoni mwa vitabu vinavyowatisha wanafunzi wetu ni riwaya mbili fupi za Euphrase Kezilahabi (1944–2020), yaani Nagona (1990) na Mzingile (1991). Hakuna inayofikia kurasa 100, lakini mwanafunzi akisoma kidogo tu huuliza: "Hadithi yenyewe iko wapi?" Kwa muda mrefu sisi walimu tulimjibu kwa kuorodhesha dhamira ubaoni. Wanafunzi walifaulu mtihani bila kuisoma riwaya. Kosa lilikuwa letu.

Siku hizi tunaanza na vitendawili. Hapa Uganda, mwanafunzi Mganda alizoea kuitikia "Lya!" aliposikia "Koyi koyi!" kabla hajajua "Kitendawili!" na "Tega!" Katika mchezo wa Waswahili, walioshindwa kutegua hutoa mji, mtegaji huupokea, hujisifu kidogo, kisha hutoa jibu.

Kezilahabi anautumia mchezo huo, ila anaukatiza mwishoni. Anatega maswali mazito: Binadamu yupo kwa ajili ya nini? Je, kifo kinayafuta maisha au ndicho kinachoyapa maana? Ukweli unakamatika? Msomaji anatoa mji, lakini jibu haliji, kwa kuwa mtegaji naye bado anatafuta. Msimulizi wa Nagona anaitwa Mimi. Hivyo kila anayesoma kwa sauti hujikuta yeye ndiye msafiri.

Maswali hayo hayaji kama mhadhara. Yamechanganywa na visasili, ndoto, majibizano kama ya jukwaani, ngoma, hata majina ya wanafalsafa wa Ulaya kama Nietzsche na Marx. Neno mzingile lenyewe latukumbusha mzingile mwambiji, yaani njia za kupotezana, fumbo. Said Ahmed Mohamed naye alilipeleka jambo kama hili jukwaani katika tamthilia ya Amezidi (1995), ambamo mzaha wa Ame na Zidi unaficha uchungu.

Wapo wanaosema kwamba huu ni uigaji wa Ulaya. Ni kweli kwamba Kezilahabi aliisoma falsafa ya huko. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Lakini mchezo wa kuficha na kufichua tulicheza na bibi zetu kabla ya kujua kusoma.

Katika kipindi kimoja tuliwaomba wanafunzi watunge vitendawili visivyo na jibu. Mmoja, aliyekuwa ametoka kumzika baba yake, alitega: "Nimemsindikiza, sikujua anakokwenda." Darasa likanyamaza. Hakuna aliyedai mji. Kisha tukafungua Nagona, na siku hiyo hakuna aliyeuliza hadithi iko wapi.

Mtihani utaendelea kudai dhamira, nasi tutazifundisha. Tunachowaomba walimu wenzetu ni kwamba jibu lisitangulie swali.