Chanjo ya ndigana kali na hesabu ya ndama 40

Ndama wengi wanaokufa kwa ndigana kali katika vijiji vya Sanya Juu wangeweza kupona. Chanjo ilikwishapatikana tangu miaka ya 1970. Shida ni kumfikishia mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya migomba yake.

Kupe wa masikio ndiye anayeingiza vimelea vya Theileria parva. Vikishaingia kwenye chembe nyeupe za damu, huzifanya zizaliane ovyo, karibu kama saratani. Pitisha vidole chini ya sikio la ndama aliyezubaa: utagusa tezi iliyovimba. Homa hupanda, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani. Dawa ya buparvakwoni husaidia ikiwahi. Povu likishaonekana, mara nyingi mfugaji amechelewa.

Chanjo ilibuniwa Muguga, Kenya, kwa kuchanganya aina tatu za vimelea hai, mojawapo asili yake Serengeti. Ndama hudungwa vimelea hivyo pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa mwilini siku kadhaa, ili augue kidogo tu na mwili uweke kinga. Sindano moja hutosha kwa miaka mingi.

Kwa kuwa vimelea ni hai, hutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja wa chanjo kwa kawaida huchanja ng'ombe wapatao 40, na ukishayeyushwa hauwekwi hadi kesho. Kwenye maboma ya Wamaasai huko tambarare, ndama 40 hupatikana asubuhi moja, ndiyo maana chanjo ilienea upesi miongoni mwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Huku Sanya Juu, mlimani, ndama 40 ni kaya kadhaa wa kadhaa, na ng'ombe wetu wa kisasa ndio wanaokufa haraka zaidi.

Sioni haki mfugaji mdogo kukosa kinga kwa sababu hana kundi. Afisa mifugo wa kata, akishirikiana na vikundi vya wauza maziwa, aandikishe ndama wote, kisha mchanjaji aitwe idadi ikitimia. Afisa huyohuyo apite tena wiki mbili tatu baadaye, maana wachache hupata homa na huhitaji dawa.

Ndama aliyechanjwa huvalishwa hereni ili atambulike. Hata hivyo, kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe kuendelee, kwa sababu ndigana baridi nayo huletwa na kupe, na chanjo hii haiizuii.