Kisukari: Macho Husema Kabla Mwenyewe Hajajua



Kwa watu wa Amani, kuchomwa kidole si jambo geni. Tangu miaka ya 1950, utafiti wa malaria ulipoweka makao yake kule juu mlimani, tone la damu kupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini limekuwa jambo la kawaida katika Usambara Mashariki. Hakuna anayeshangaa kuambiwa kwamba ugonjwa waweza kuonekana kwa kutazama kitu kidogo.

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya ugonjwa mwingine ambao nao huweza kuonekana kwa kutazama, ila mahali pa kutazama ni ndani ya jicho. Ugonjwa huo ni kisukari.

Tuchukue mfano. Mama mmoja mchuma chai, mwenye umri wa miaka 50 hivi, anaanza kuona ukungu. Wiki hii anaweza kutia uzi kwenye sindano, wiki ijayo hawezi. Watoto wanamwambia, "Mama, huo ni uzee tu." Anashuka Muheza, ananunua miwani ya kusomea sokoni. Inamfaa kwa siku chache, kisha haimfai tena. Hatimaye anafika kwa daktari wa macho. Daktari anamtia matone, anamulika ndani ya jicho, kisha anamwuliza swali ambalo hakulitarajia: "Mama, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

Swali hilo lina maana kubwa. Tueleze kwa nini.

KISUKARI HUFANYA NINI?

Chakula tunachokula hugeuzwa kuwa sukari inayosafiri katika damu. Ili sukari hiyo iingie mwilini na kutupa nguvu, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Mwenye kisukari ama hana insulini ya kutosha, ama mwili wake hauitii insulini aliyo nayo. Basi sukari hubaki katika damu na kuzidi. Mgonjwa hukojoa mara nyingi, hupata kiu kisichokatika, huchoka upesi, na wengine hukonda ingawa wanakula. Zamani wazee waliutambua ugonjwa huu walipoona sisimizi wakikusanyika mahali mgonjwa alipokojoa.

Lakini kisukari cha watu wazima mara nyingi huingia kimya kimya. Mtu anaweza kuishi nacho miaka kadhaa bila kujua, huku kikiharibu mishipa ya damu, figo, neva na macho.

KWA NINI JICHO?

Jicho husema kwa njia mbili. Ya kwanza ni lenzi yake. Sukari ikipanda, lenzi huvimba, ikishuka, hunywea. Ndiyo maana mama yule leo anaona vizuri na kesho vibaya, na miwani haimkai. Tena, mwenye kisukari huweza kupata mtoto wa jicho mapema kuliko wenzake.

Ya pili ni retina, yaani utando ulio nyuma ndani ya jicho, unaopokea picha ya kile tunachokitazama. Hapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ya damu kwa macho yake bila kukata ngozi. Jambo hilo liliwezekana baada ya mwaka 1851, mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotangaza chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho. Miaka michache tu baadaye, daktari Eduard Jaeger wa Vienna alieleza madoa aliyoyaona kwenye retina ya mgonjwa wa kisukari.

Madaktari wa leo hutafuta alama hizo hizo: vivimbe vidogo kama vichwa vya pini kwenye mishipa, matone ya damu iliyovuja, na madoa ya njano ya mafuta. Hali ikizidi, huota mishipa mipya iliyo dhaifu. Hiyo ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho na mtu huona nyuzi au mawingu meusi yakielea, au haoni kabisa.

Tuelewane hapa. Jicho hutoa dokezo, halitoi hukumu. Shinikizo la damu pia laweza kuleta matone ya damu kwenye retina. Kwa hiyo daktari akiona alama hizo, mgonjwa hupimwa damu. Kipimo cha mtu ambaye hajala tangu usiku kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa na kuwa hivyo hivyo, basi ni kisukari.

JE, UGONJWA HUU NI WA MATAJIRI WA MJINI?

Wapo bado wanaosema hivyo. Mwaka 1989 matokeo ya utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty katika vijiji vya Tanzania yalionyesha kuwa mtu mzima mmoja tu, au chini ya hapo, kati ya 100 alikuwa na kisukari. Lakini uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9 kati ya kila 100.

Jirani zetu wa Kilimanjaro wametupa somo juu ya macho. Kuanzia Novemba 2010 hadi Desemba 2014, mpango ulioendeshwa na wataalamu wa KCMC, Moshi, uliwapima wagonjwa wa kisukari 3,187 kwa kupiga picha retina zao. Kama 28 kati ya kila 100 walikuwa na alama za kisukari machoni. Wapatao 3 kati ya 100 walikuwa tayari na ile mishipa mipya ya hatari.

USINGOJE GIZA

Hatari yenyewe ni hii: mwanzoni retina huharibika bila maumivu na bila kupunguza uwezo wa kuona. Mtu anasoma herufi zote za ubaoni, anaambiwa macho ni mazima, kumbe nyuma damu inavuja. Kusoma herufi hakutoshi. Mwenye kisukari aseme wazi: "Daktari, nina kisukari, naomba nitazamwe nyuma ya jicho."

Tiba ipo. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba mionzi ya leza hupunguza kwa nusu au zaidi idadi ya wanaopoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya mishipa ile mipya. Siku hizi zipo pia sindano zinazochomwa ndani ya jicho. Lakini leza hulinda kilichobaki. Kwa kawaida hairudishi kilichopotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jicho, ukuta mara nyingi haujengeki tena.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Mwenye kisukari cha watu wazima apimwe retina mara tu anapojulikana kuwa mgonjwa, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mama mwenye kisukari akipata mimba apimwe mapema, katika miezi mitatu ya kwanza.

2. Asiyejua hali yake, lakini anaona vizuri leo na vibaya kesho, ana kiu na anakojoa sana, apimwe sukari kabla ya kununua miwani. Aliyeanza dawa asubiri wiki kadhaa sukari itulie, ndipo apimiwe miwani.

3. Anzieni zahanati au kituo cha afya, mkaombe rufaa ya kwenda hospitali ya Muheza au Bombo, Tanga. Wanaohitaji tiba ya retina hupelekwa hospitali kubwa kama KCMC, au Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam.

4. Mgonjwa asiende peke yake. Matone ya kupanua mboni hufanya macho yaone ukungu kwa saa kadhaa. Asiendeshe pikipiki wala baiskeli siku hiyo, na mwangaza wa jua utamsumbua.

5. Msitie machoni maji ya majani wala dawa ya jirani. Retina iko nyuma ya jicho. Dawa hizo haziifikii, ila huweza kuunguza sehemu ya mbele.

6. Dawa za kisukari na za shinikizo la damu zisiachwe mgonjwa akijisikia nafuu. Sukari ndani ya chai ipunguzwe, nasi tunaolima chai tuonje ladha yake yenyewe.

Tunajua safari si nyepesi. Kutoka Amani hadi Muheza ni zaidi ya kilomita 30 za mteremko na kona, na masika huongeza utelezi. Nauli ni mzigo, na siku moja bila kuchuma ni siku bila ujira. Lakini safari moja kwa mwaka ni nafuu kuliko mtoto kuacha shule ili amshike bibi mkono na kumwongoza.

Basi jioni ya leo, bibi au babu akisema macho yana ukungu, tusimjibu haraka kwamba ni uzee. Tumwulize kwanza: usiku unaamka mara ngapi?