Kovu la Ndani

Katika hospitali za kanda ya ziwa kuna swali ambalo madaktari wa wodini wamelizoea: "Dawa ya kichocho nilishameza, choo kimepimwa na mayai hayaonekani tena. Mbona natapika damu?" Anayeuliza aghalabu ni mvuvi, mkulima wa mpunga, au mama aliyefua nguo ziwani tangu utotoni. Ana haki ya kuuliza. Minyoo yake huenda kweli imekufa. Kinachomtesa sasa ni makovu iliyoyaacha kwenye ini.

Sisi tunaokaa nyuma ya hadubini tunaona magonjwa mengi ya ini, moyo na matumbo yakifuata mkondo huu. Kilichoanzisha shari kimeshaondoka au kimefifia, na ukarabati wa mwili wenyewe ndio unaomwangusha mgonjwa. Kovu la ngozi halina neno, kwa sababu kazi ya ngozi ni kufunika na kovu nalo hufunika. Ini linapaswa kupitisha damu, vali ya moyo inapaswa kufunguka na kufunga, utumbo unapaswa kupisha chakula. Kovu haliwezi hata moja kati ya hizo.

Mnyoo wa kichocho cha tumbo huishi ndani ya mishipa midogo inayotoa damu kwenye matumbo na kuipeleka kwenye ini. Jike hutaga mayai mia na zaidi kwa siku, na huishi miaka. Mayai mengine hutoboa ukuta wa utumbo yakatoka na choo. Yaliyosalia huchukuliwa na damu hadi ndani ya ini, ambako mishipa huzidi kuwa myembamba mpaka yai, lenye urefu wa kama sehemu ya saba ya milimita, likakwama. Mnyoo wenyewe ni mjanja, kinga ya mwili haimwoni vizuri. Yai ndilo lenye kelele. Linatoa kemikali, seli za kinga zinalizingira, kinajengeka kifundo, na baada ya yai kufa kifundo hicho hugeuka nyuzi ngumu za kolajeni.

Seli zinazotengeneza nyuzi hizo zilielezwa na Mjerumani Carl von Kupffer mwaka 1876. Siku za amani kazi yake ni kuhifadhi vitamini A. Zikichokozwa kwa muda mrefu huacha ghala hilo na kuanza kumwaga kolajeni pembezoni mwa mishipa ya damu. Mwaka 1904 William Symmers, aliyekuwa akipasua maiti Cairo, alieleza ini ambalo ukilikata utaona vijiti vyeupe vya makovu, kama mashina ya kiko cha udongo yaliyochomekwa humo. Picha hiyo ndiyo tunayofundishia hadi leo.

Ajabu yake ni kwamba nyama ya ini iliyo katikati ya vijiti hivyo huwa nzima. Kwa hiyo mgonjwa hana macho ya njano, na vipimo vya damu vya ini hurudi vizuri, vikampa yeye na daktari wake matumaini yasiyo na msingi. Njia ya damu ndiyo iliyobana. Presha inapanda kwenye mshipa mkuu uingiao kwenye ini, bandama inavimba, na damu inatafuta njia za pembeni, hasa mishipa ya mwisho wa umio. Mishipa hiyo haikuumbwa kwa mzigo huo. Inatanuka, kuta zake zinakuwa nyembamba, na siku moja mmoja unapasuka. Inaweza kufungwa kwa vipira vidogo kupitia kamera ya tumboni, na propranolol, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, huishusha presha hiyo.

Homa ya ini B huharibu kwa namna nyingine. Hapo seli zenyewe za ini hufa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na makovu hulikatakata ini kuwa vinundu. Huko ndiko kusinyaa kwa ini, kwenye macho ya njano na tumbo lililojaa maji, na huko ndiko saratani ya ini hupenda kuota. Zamani tulifundishwa kwamba ini likishafika hapo halirudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha vingine. Wagonjwa 348 wa homa ya ini B walichukuliwa vipande vya ini kabla ya kuanza tenofovir na tena baada ya miaka 5 ya kuitumia. Kati yao 96 walianza wakiwa na ini lililosinyaa, na mwishoni 71 hawakuwa nalo tena. Uchokozi ukikoma, vimeng'enya vya ini huanza kuyala makovu. Nalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa bado nasikia watu wakiambiwa ini limesinyaa, warudi nyumbani wakasubiri. Kwenye kichocho pia, mtoto anayepewa dawa mapema ana nafasi nzuri ya makovu kupungua kuliko mtu mzima aliyekaa nayo miaka ishirini. Zile dawa zinazogawiwa shuleni kandokando ya ziwa zina maana hiyo.

Moyo hauna msamaha wa namna hiyo. Mtoto anapata mafindofindo ya bakteria aina ya streptokokasi, koo linapona, na baada ya wiki mbili tatu anaanza homa na maumivu ya viungo yanayohama. Kinga iliyotengenezwa dhidi ya bakteria imeugeukia moyo. Ludwig Aschoff, mwaka uleule wa 1904, alieleza vifundo vinavyotokea kwenye nyama ya moyo wa wagonjwa hawa. Vifundo hivyo hupita, lakini kila shambulio jipya huongeza kovu kwenye vali, hasa ya mitrali upande wa kushoto. Kingo zinashikana, kamba zinazoishikilia vali zinafupika. Tundu ambalo kwa mtu mzima lina eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6 linafika 1.5 au chini yake.

Binti anaweza kuishi na kovu hilo bila kujua. Anashika mimba, damu mwilini inaongezeka kwa karibu nusu, na katika miezi ya kati anashindwa kulala chali na kuanza kukohoa. Wengi hutibiwa pumu au kichomi kwanza. Puto linaloingizwa kwa mshipa wa paja huweza kuachanisha kingo za vali, ingawa kovu lenyewe hubaki palepale.

Ndiyo maana utafiti wa kaskazini mwa Uganda ulinifurahisha. Watoto 818 ambao dalili za awali zilionekana kwa kipimo cha eko tu waligawanywa makundi mawili, moja likachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Sindano hiyo inauma, na mzazi anayemwona mwanawe anacheza mpira haoni sababu ya kumliza kila mwezi. Aambiwe takwimu hizo.

Kwenye matumbo, jambo kubwa ni mwelekeo wa kidonda. Vidonda vya taifodi hufuata mabaka ya kinga yaliyopangika kwa urefu wa utumbo. Hatari yake ni kutoboka, aghalabu wiki ya tatu. Vikipona, kovu halizibi njia. Kifua kikuu cha tumbo hufuata mishipa ya limfu inayouzunguka utumbo, hivyo kidonda hukata kwa upana, na kikipona huukaza utumbo pande zote. Mgonjwa anaweza kumaliza dawa zake vizuri, bakteria wakafa, kisha tumbo likaanza kukaza na kunguruma kila baada ya kula.

Tatizo ni kwamba saratani nayo hubana hivyohivyo, pia ugonjwa wa Crohn, na jicho la mpasuaji haliwezi kuvitofautisha kila mara. Kipande kilichokatwa lazima kifike maabara, na mara nyingi ndugu ndio hukabidhiwa wakipeleke. Kisikae kikavu wala kwenye maji ya bomba. Kiwe kwenye formalini nyingi, walau mara kumi ya ujazo wake, na kifike upesi. Kifua kikuu kikishukiwa, ndugu aulize kama kuna kipande kingine kidogo kilichotengwa bila formalini, maana kilicholowekwa humo hakiwezi kuoteshwa bakteria.