Anayeshusha Gari Apime na Magurudumu

Limekuwa jambo la kawaida siku hizi, katika mitaa ya Ng'ambo na hata katika barabara za shamba, kuona magari madogo yaliyoshushwa mpaka matumbo yake yakakaribia lami. Wenyewe ni vijana, aghalabu wenye gari lao la kwanza, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Wazee hukunja uso, na baadhi ya maofisa huulizana kama haijafika siku ya kupiga marufuku. Sisi hatuoni kwamba urembo wa gari ni dhambi. Watu wa visiwani wamechonga milango ya nyumba zao na kuyapaka rangi majahazi yao tangu zamani, ingawa jahazi lisilo na rangi nalo huelea. Neno letu liko kwingine, nalo ni magurudumu.

Gari halikukaa juu ya springi zake kama mtungi juu ya kigoda. Mikono ya chuma inayolishika gurudumu, na vyuma vya usukani vinavyoliongoza, vyote vilipangwa na kiwanda kwa kimo maalumu. Kimo kikipungua, mikono ile hubadili pembe, na gurudumu hubadilika nayo. Aghalabu kichwa chake huinama kuelekea ndani, na uso wake hugeuka kidogo, ama ndani ama nje, wala haulekei tena kule gari linakokwenda. Mwinamo huula mpira wa gurudumu upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari hapaoni mpaka nyuzi zichomoze. Lakini adui mkubwa zaidi ni ule mgeuko. Gurudumu lililogeuka kwa digrii 1 tu, kwa kila kilomita 1 ya safari huburuzwa upande kiasi cha mita 17. Katika safari ya kilomita 40, mpira huo utakuwa umesuguliwa ubavu kwa karibu mita 700, kama mtu anayetembea huku anavutwa mkono. Mipira hii hatuitengenezi hapa. Inanunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Na siku ya mvua, mpira uliolika upande hausimamishi gari pale dereva anapotaka.

Tumepata kusimama katika gereji moja tukimtazama fundi akikata springi kwa mashine ya kukatia chuma, huku mwenye gari akishangilia. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri, gari likaondoka bila ya gurudumu hata moja kupimwa. Hebu tuiangalie kazi hiyo. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ikiondolewa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa kiasi cha asilimia 14, na wakati huohuo nafasi ya gurudumu kupanda juu imepungua. Shokapu ni ileile iliyotengenezwa kwa springi laini. Matokeo yake ni gari linalogonga kila tuta, na ncha ya springi isiyokaa sawa katika kiti chake. Wapo wanaofanya vibaya zaidi, wanaoichoma springi kwa moto wa gesi mpaka ilegee. Chuma kilichochomwa hivyo kimepoteza ukakamavu wake, na hakuna fundi awezaye kusema kitakatika lini. Anayetaka kushusha na anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lake, pamoja na shokapu zinazozifaa.

Kisha apime. Hapa tumesikia udhuru kwamba mashine za kupimia, za hiyo kazi ambayo mafundi huiita alaimenti, ni chache na ni ghali. Ni kweli zina faida yake, lakini mwashi yeyote wa visiwa hivi anavijua vyombo viwili vinavyoweza kuanza kazi: uzi na timazi. Gari huwekwa mahali pa sawa, mipira ikiwa na upepo uliokadiriwa, usukani umenyooka. Timazi ikiteremshwa kando ya gurudumu huonyesha mwinamo. Nyuzi mbili zikivutwa sambamba ubavuni mwa gari, kila upande mmoja, fundi hupima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Katika rimu ya inchi 14, tofauti ya takriban milimita 6 ni digrii 1 nzima. Mwinamo husahihishwa kwanza na mgeuko mwisho, kwa sababu kuugusa ule wa kwanza huuvuruga wa pili. Bushi na maungio yaliyolegea hubadilishwa kabla ya yote; kupima gari lenye bushi zilizokufa ni kupoteza mchana. Na kwetu, ambako chumvi ya bahari hushika kila kitu, nati za vyuma vya usukani mara nyingi zimeganda kwa kutu, hivyo fundi asiye na subira huacha kipimo kama kilivyo na kusema amemaliza.

Wanaofikiria marufuku wangetazama yaliyotokea California, Marekani. Vijana wa Los Angeles wenye asili ya Mexico walianza kushusha magari miaka ya 1940, wengine kwa kukata springi, wengine kwa kutia mifuko ya mchanga ndani ya buti. Sheria ya mwaka 1958 ikakataza sehemu yoyote ya bodi kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre wa San Bernardino akatia katika Corvette yake pampu za mafuta zilizoweza kulinyanyua gari na kulishusha kwa swichi, na wengi wakamfuata. Jimbo liliifuta marufuku hiyo kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Januari 2024. Kwa miaka yote hiyo sheria ilipima tumbo la gari, haikupima magurudumu.

Tena si vijana peke yao wanaoshusha magari. Pikapu inayopakiwa saruji kupita uwezo wake, na gari la abiria ambalo springi zake zimechoka, nayo yameshuka, ingawa hakuna aliyekusudia. Mpira haujui kama mwenye gari alitaka urembo au alitaka safari moja badala ya mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba ukaguzi wa magari uwe na kipimo cha magurudumu kinachoandikwa kwa tarakimu, mwenye gari apewe nakala, na lisilofuzu lirudishwe kwa fundi kabla ya kupelekwa kwa hakimu. Vyuo vya mafunzo ya amali vifundishe uzi na timazi pamoja na mashine. Na kazi hiyo ianze kwa magari ya Serikali, hasa yale yanayokwenda shamba kila siku yakiwa yameinamia upande mmoja.