Kagua kuni kabla moshi haujamfikia mtoto

Mzazi, unaponunua mzigo wa kuni usiangalie bei tu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, na moshi wa jikoni huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo.

Chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikavu hutoa mlio mkali. Vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Kuni kavu pia huwa na nyufa kwenye ncha, na magome yake hubanduka kwa urahisi.

Mgunga ni mzito, huwaka taratibu na kuacha makaa yanayodumu. Msonobari ni mwepesi, hunukia utomvu na hutoa masizi mengi. Epuka mnyaa: utomvu wake mweupe huumiza macho vibaya. Usichome mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, kwani moshi wake una sumu.

Hata kuni nzuri hutoa moshi. Pikia mahali penye hewa, na usimbebe mtoto mgongoni ukiwa jikoni. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya mara moja.